Sauti ya Treni Zilizochelewa

Pale stesheni walimwita Kinanda. Jina hilo alipewa na mkata tiketi wa dirisha la kwanza, mama mmoja mcheshi, mara tu alipoajiriwa kutangaza. Mama huyo alidai sauti ya yule binti ikitoka kwenye vipaza sauti hata wachukuzi huitua mizigo ili waisikilize. Kinanda hakuwa mwimbaji, wala hakuwahi kuimba mbele za watu. Alichojaliwa ni matamshi. Neno likitoka kinywani mwake lilikuwa limenyooka kama shati lililopigwa pasi, na abiria aliyekuwa akisinzia alizinduka akijua jukwaa lake ni lipi na behewa lake ni lipi.

Kazi yake aliifanyia kwenye kibanda cha vioo juu ya ofisi ya mkuu wa stesheni. Mlikuwa na meza, kipaza sauti, feni moja yenye kulalamika, na dirisha la kutazamia majukwaa. Watu walimsikia kutwa nzima lakini waliomjua kwa sura walihesabika. Mara nyingi alisimama kwenye foleni ya chai nyuma ya watu waliokuwa wakibishana juu ya jambo alilolitangaza yeye mwenyewe, naye asiseme kitu. Hakuwa mtu wa makundi. Wazazi wake walikwisha kufariki, ndugu hakuwa nao, na mumewe alikuwa fundi wa minara ya simu, kazi ya kuparamia milingoti huko maporini na kurudi nyumbani kwa nadra.

"Nawapelekea watu mtandao," mumewe alipenda kusema, "mimi mwenyewe siupati mpaka nipande juu."

Basi waliongea pale alipokuwa juu. Kinanda aliposhika mimba wakaanza kumwita mtoto Kijacho, na kila simu ilianza na swali hilohilo: "Kijacho hajambo?"

Mimba ilipokuwa imekua, mkuu wa stesheni alipatwa na wasiwasi wa likizo ya uzazi. Akamwomba Kinanda arekodi matangazo yote ya kawaida yatumike atakapokuwa hayupo. Fundi mitambo akaleta kompyuta kibandani, akafunga dirisha, akaizima ile feni. Kinanda akasoma treni zote za asubuhi, za mchana na za jioni, kwenda na kurudi. "Abiria wa treni ya mchana, tafadhali fikeni jukwaa la pili. Hakikisheni mizigo yenu yote ipo pamoja nanyi. Tunawatakia safari njema." Alisoma akiwa na furaha, mkono juu ya tumbo, maana mtoto alikuwa akicheza.

"Sasa hata ukijifungua mapacha," fundi mitambo alimwambia, "treni zitaondoka."

Wiki chache baadaye alianza kuumwa nyuma ya sikio la kulia. Akadhani amelalia vibaya. Jioni ile vijiko vilivyogongana kwenye beseni vilimpigia kelele kama mabati, na chakula kikakosa ladha upande mmoja wa ulimi. Akalala mapema.

Asubuhi alikuwa akisukutua kinywa baada ya kupiga mswaki, na maji yakamtoka yenyewe pembeni mwa mdomo, yakamchuruzika mpaka kifuani. Akajaribu tena, yakatoka tena. Aliponyanyua macho kwenye kioo alimwona mtu anayemjua nusu. Upande wa kushoto ulikuwa wake. Wa kulia ulikuwa umeporomoka: shavu limelegea, pembe ya mdomo imeshuka, paji halina hata mkunjo. Alipofumba macho, moja lilifumba na jingine likabaki wazi likimtazama.

Alijua neno moja tu la jambo kama hilo, nalo ni kiharusi. Alijifunika mtandio mpaka puani, akaenda hospitali peke yake akiwa ameshika tumbo lake kama mtu aliyebeba mtungi.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke mtu mzima asiye na haraka. Alimwambia anyanyue mikono yote, ashike vidole vyake kwa nguvu, atembee hadi mlangoni na kurudi. Kisha akamwambia akunje paji la uso, afumbe macho, apulize mashavu. Hayo ya mwisho hayakuwezekana.

"Si kiharusi, mama," akasema. "Kiharusi kwa kawaida hukuachia paji la uso. Huu ni mshipa wa fahamu. Unapita nyuma ya sikio ndani ya kijitundu chembamba cha mfupa, na ndio unaoendesha misuli ya uso upande huo. Ukivimba, unabanwa humo. Wajawazito hupatwa zaidi kuliko wengine, hasa miezi ya mwisho, na hata baada ya kujifungua."

"Na mtoto?"

"Mtoto hana habari."

Kinanda nusura acheke, lakini akakumbuka sura itakayotokea.

Daktari alimpima shinikizo la damu, akalikuta limepanda kidogo, akataka aje kupimwa mara kwa mara. Akimsifu kwa kuwahi, akampa vidonge vya kushusha uvimbe, matone ya jicho, na plasta laini ya kulifunga jicho anapolala lisije likakauka na kuumia.

"Nitapona?"

"Wengi hupona. Wenye mimba wengine huchelewa, na wapo wanaobaki na kasoro kidogo. Sitaki kukudanganya."

Siku hiyohiyo mumewe alipiga simu kutoka mnarani, akitaka kuliona tumbo. Kinanda alisogea dirishani, akaigeuza simu mpaka ikaonyesha shavu la kushoto tu na tumbo chini yake.

"Mbona unaongea kama una chakula mdomoni?"

"Nakula."

"Kijacho amekutia ulafi," mumewe akasema, akacheka na upepo wa huko juu.

Kinanda alikusudia kumwambia. Lakini mtu aliyening'inia mlingotini si wa kupewa habari za kumtetemesha mikono, ndivyo alivyojiambia. Simu iliyofuata akasema kamera imeharibika. Iliyofuata akarudia, na uongo ukishatamkwa mara mbili huwa mwenyeji. Siku zilikwenda hivyo. Jicho la kulia likawa la kulia kweli, linachuruzika machozi tangu kunakucha, hata siku alipolia kwa uchungu hakuna jirani aliyetambua tofauti.

Alijaribu kurudi kibandani. Alibonyeza kitufe, akasema "Abiria," na neno likatoka limepasuka, kwa kuwa midomo haikukutana na pumzi ilitorokea pembeni. Jukwaa la pili likawa jukwaa la fili. Huko chini watu wakanyanyua nyuso kutazama vipaza sauti. Mkata tiketi alipanda ngazi akihema, akaufunua ule mtandio, akauteremsha tena taratibu.

"Shoga yangu," akasema. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wowote wa kuongeza.

Mkuu wa stesheni alimwanzishia likizo kabla ya wakati wake. Kesho yake fundi mitambo akawasha kompyuta, na abiria wakaendelea kuongozwa na Kinanda kana kwamba hakuna lililotokea.

Mama mkwe alikuja kumsubiria uzazi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyefua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu, na hakuna cha mwili wa binadamu kilichoweza kumshtua. Majirani ndio waliokuwa na maneno. Huyu alisema ni kulala dirisha wazi, yule akasema ni husuda, mwingine akauliza kama kuna mtu aliyemzaba kofi. Wakija walikaa kidogo, wakazungumza na tumbo lake badala ya uso, wakaaga. Baadaye wakapunguza kuja.

"Mumeo anajua?" mama mkwe aliuliza.

"Nitamwambia akirudi, mama. Nakuomba usimwambie."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kuumbuka nimeshaumbuka."

Mama mkwe akaendelea kukunja nepi. Siri ya mkwewe akaitunza, ila kila simu ya mwanawe ilipoingia alitoka chumbani, asije akaulizwa.

Shinikizo la damu lilipanda zaidi, na daktari akaona si busara kungoja. Walimwanzishia uchungu. Mkunga alimwambia apumue kwa mdomo, apulize kama anayepuliza moto, naye akashindwa, kwa sababu pumzi ilimtoka kwa upande mmoja. Hatimaye alishika shavu la kulia kwa kiganja, akalisukuma mahali pake, akapuliza hivyo kila uchungu ulipokuja. Alizaa mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Mumewe alizisikia kelele hizo kwa simu tu, kutoka mnarani. Jina la utani lilimganda: waliendelea kumwita Kijacho ingawa alikwishakuja.

Walipomwekea mtoto kifuani alitaka kumbusu, lakini midomo haikukusanyika. Akaiegemeza tu kwenye utosi wake, kama mtu anayeegemea ukuta.

Shinikizo lilishuka polepole, uso ukabaki palepale. Alimnyonyesha mtoto akiwa amejigeuza ili macho yale mapya yaone upande wa kushoto. Hilo liliwezekana vizuri kwa ziwa la kushoto tu, basi akawa analitumia hilo, hilo tena. Ziwa la kulia likajaa, likawa gumu kama jiwe, homa ikampanda. Mama mkwe alipokuja na kitambaa cha maji ya moto aliligusa, akaelewa.

"Ziwa hili limekukosea nini?"

Kinanda akalifunika kwa kanga.

"Mwanangu, mtoto huyu hajaona nyuso nyingi za kulinganisha. Kwake uso ndio huo." Akamhamishia mtoto kulia. Mtoto akanyonya kwa pupa, akamtazama mama yake kutoka upande ule mwingine, akafumba macho akalala. Kinanda alikaa hivyo muda mrefu, akiona haya mbele ya mtu asiyejua kuona haya.

Mama mkwe alirudi kwake mtoto alipopata nguvu ya shingo. Nyumba ikanyamaza. Mchana Kinanda alikaa mbele ya kioo kama alivyofundishwa hospitalini, akijaribu kuinua nyusi, kukunja pua, kutamka a, e, i, o, u. Jicho lilianza kufumba nusu, halafu likafumba kabisa. Siku lilipofumba alitafuta wa kumwambia. Akamwambia mtoto.

Mumewe alifika alasiri moja bila kutoa taarifa, akiwa na begi mgongoni na zawadi mikononi. Kinanda alifungua mlango akidhani ni jirani. Mtandio ulikuwa kwenye kiti.

Mumewe alilitaja jina lake, lile halisi, polepole, kama mtu anayeulizia nyumba asiyokuwa na hakika nayo. Kisha akaweka begi chini.

"Tangu lini?"

"Kabla hajazaliwa."

"Nani mwingine anajua?"

"Wote."

Akaketi. "Kwa hiyo mgeni ni mimi."

Hakugomba. Alimbeba mtoto, akamnusa, akazunguka naye chumbani huku akimweleza mambo ya minara. Alikuwa mume mwema. Likizo yake yote alifua nepi, akapika, akampa mkewe matone ya jicho kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Lakini Kinanda aligundua jambo. Mumewe aliketi kushoto kwake. Mezani kushoto, kitandani kushoto, na wakitoka kidogo kutembea alizunguka kwa nyuma ili ashike upande huo. Picha zote alizompiga na mtoto alizipiga kutoka huko.

Mwishowe, wakiwa wanakula, Kinanda akamwambia, "Hamia huku."

"Huku wapi?"

"Kulia kwangu."

Mumewe alishika kijiko bila kukitumia. "Sikujua kama nachagua," akasema. Akachukua sahani yake, akazunguka meza, akaketi. Alimtazama, akatazama chakula, akamtazama tena, kama anayesoma mita. Alikuwa anajitahidi, na jitihada ile iliyoonekana waziwazi ilimuumiza Kinanda kuliko siku zote za kushoto. Alimgusa mkono akamwambia wali unapoa. Likizo ilipokwisha, mumewe akarudi minarani.

Naye akarudi stesheni. Kufikia wakati huo paji lilikuwa linakunjika, tabasamu likichelewa upande mmoja. Midomo ndiyo ilikuwa bado mizito, tena likazuka jipya: akitamka neno la kubana midomo, jicho la kulia lilijikonyeza lenyewe. Daktari alimweleza kwamba nyuzi za mshipa zinapoota upya nyingine hupotea njia, zikaenda kuamsha msuli usiohusika.

Mkuu wa stesheni alimkaribisha kwa heshima iliyopita kiasi.

"Matangazo yanakwenda vizuri, dada. Kwa sasa kaa kwanza kule kwenye vitu vilivyosahaulika. Huko hakuna pilikapilika."

Chumba cha vitu vilivyosahaulika kilikuwa mwisho wa korido. Rafu zilijaa miavuli, viatu vya mguu mmoja, mikongojo, koti la mtoto, na seti ya meno ya bandia ambayo mwenyewe hakuwahi kuifuata. Sijui alikuwa anatafunia nini. Kinanda alikaa nyuma ya kaunta. Kipaza sauti kilikuwa juu ya mlango hasa. Kila treni ilipokaribia alijisikia: sauti ya yule mwanamke mwenye mkono juu ya tumbo, midomo mizima, asiyejua kitu. Alijionea wivu. Ni jambo ambalo hakumweleza mtu, kwa kuwa hakujua lingeelezwaje.

"Huyu dada ana sauti, Mungu ambariki," alisema mzee mmoja aliyefuata mwavuli wake, kidole kikielekea juu. "Unamfahamu?"

"Simfahamu," Kinanda akajibu, akampa mwavuli.

Msimu wa mvua kubwa, maji yalikula tuta la reli mbali na hapo, na treni ya mchana ikakwama huko. Kwenye kompyuta hakukuwa na tangazo la jambo hilo. Mkuu wa stesheni alikuwa kwenye simu akigombana na watu wa njia, wale watengenezaji wa reli, fundi mitambo hakuwepo, na mashine ikaendelea na kazi yake: "Abiria wa treni ya mchana, tafadhali fikeni jukwaa la pili." Watu wakafika. Jukwaa lile halina paa mwisho wake, wakasimama mvuani na watoto na masanduku, wakisubiri. Sauti ikawaita tena. Wengine wakaanza kusukumana ukingoni kuchungulia relini. Mkuu alitoka, akapiga kelele mpaka akakaukiwa, na mvua ikameza maneno yake.

Kinanda alisikia lile tangazo likirudiwa, akaona watu wakipita koridoni kwenda kulowa, wakilitii. Alifunga kaunta. Alipanda ngazi za kibanda, akasogeza kiti, akaizima sauti yake.

Kimya kilichotokea kiliwafanya watu wote wanyanyue vichwa. Alibana pembe ya kulia ya mdomo kwa kidole, akabonyeza kitufe.

"Abiria mlio jukwaa la pili, naomba mnisikilize. Treni yenu haiji leo. Maji yameharibu njia."

"Pili" lilitoka kama "fili", na pale chini alimwona mtu akicheka na kumpiga mwenzake kikumbo. Aliendelea. Aliwaambia watoke ukingoni, wenye watoto watangulie kuingia chumba cha kungojea, na tiketi wazitunze kwani zitatumika. Alisema taratibu, akarudia yote, jicho likikonyezakonyeza mbele ya kioo kilichoanza kushika ukungu. Umati ulianza kusogea. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja aliyepita chini ya kibanda na furushi kichwani alisikika akinung'unika, "Yule mwingine yuko wapi? Huyu maneno yake yamelowa."

Mkuu alipanda akiwa anachuruzika maji.

"Kumbe unaweza, dada."

"Naweza, Mkuu. Yanayonishinda ni machache, nayo nitayashika kwa kidole."

Wakakubaliana hivyo: treni zinazofika kwa wakati zitangazwe na kompyuta, zenye matatizo azitangaze yeye. Tokea hapo abiria wakamjua kwa namna mpya. Sauti laini ilipopita waliendelea na mazungumzo yao. Ile nyingine, yenye mkwaruzo wa pumzi, ilipoanza tu, stesheni nzima ilishusha pumzi kwa uchovu, wakijua hawafiki leo.

"Shoga, ukikohoa tu kwenye kipaza watu wanarudisha tiketi," mkata tiketi alimwambia.

"Heri nusu shari," Kinanda akasema, akionyesha shavu lake, na mwenzake akacheka mpaka akafuta macho. Lakini alipanda ngazi peke yake. Kibandani mle hakuna aliyekuja kukaa naye, maana hakuna anayependa kuwa karibu na mleta habari mbaya.

Mwaka ulipinduka. Kijacho akaanza kusimama kwa kushika kuta. Daktari alimchunguza Kinanda mara ya mwisho, akasema kilichobaki yamkini kitabaki. Hakikuwa kingi: wasiomjua zamani hawakukiona mpaka achoke. Mumewe alipopiga simu alimwonyesha uso mzima, naye hakuuliza tena habari za kamera. Mara nyingi mtandao ulikuwa mbovu, picha ikakwama, wakaendelea kwa sauti.

Kisha ratiba ya treni ikabadilishwa, na matangazo ya zamani yakawa hayafai tena. Mkuu alimwuliza kama angetaka kurekodi upya. Alimwuliza kwa namna ya mtu anayeomba akataliwe.

"Mtafute mwingine," Kinanda akasema.

Akaja binti mwenye sauti safi, akasoma ratiba mpya huku fundi mitambo amefunga dirisha. Jioni ile Kinanda alikuwa akipanga miavuli aliposikia, kwa mara ya mwisho, "Hakikisheni mizigo yenu yote ipo pamoja nanyi." Hakuna mwingine aliyetambua. Aliacha kupanga mpaka sauti ilipokwisha, akahisi kitu ambacho hakikuwa msiba wala nafuu, akazima taa akaenda kumchukua mtoto kwa jirani.

Kesho yake treni ya asubuhi ilitangazwa na yule binti, ikaondoka kwa wakati. Mchana mvua ikaanza, na watu wa njia wakapiga simu kusema ya alasiri itachelewa. Kinanda alivaa sweta, kwa kuwa kibandani huwa baridi mvua ikinyesha, akapanda ngazi.